Kutembea Mida: Tazameni Mwezi Kwanza

Mabibi na mabwana, wageni wengi wa Watamu, pwani ya Kenya, hupanga kwenda hori la Mida, mkono wa bahari uingiao nchi kavu, baada ya kifungua kinywa, saa yoyote. Hapo ndipo siku inapoharibika. Mida huendeshwa na maji, na maji huendeshwa na mwezi.

Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, bahari hukupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku saa hizo huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo wiki moja baadaye, siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo, saa 4 asubuhi mtayakuta yamejaa.

Siku ya bamvua, ingieni saa mbili kabla ya kupwa kabisa, mkiyafuata maji yanavyoondoka. Yakisimama, geukeni. Msingoje yaanze kurudi, kwa sababu hayarudi kwa mbele tu: hupita kwanza kwenye mikondo, na huenda mkondo ulio nyuma yenu ukajaa wakati mchanga mliosimama bado ni mkavu. Mwenyeji anayeijua mikondo hiyo ni wa lazima.

Vaeni viatu vya kufunga. Tope huvua ndala, na makombe hukata nyayo. Vijiti vilivyochomoza kwenye tope chini ya mikoko aina ya mchu na mlilana ni mizizi ya kupumulia. Ukiikanyaga unaunyima mti hewa, basi pitieni mchangani au kwenye daraja la mbao.

Ndege wana saa yao. Maji yakikupwa hutawanyika mbali. Yakianza kujaa, uwanja wa malisho hupungua na makundi husukumwa kuelekea ukingoni. Kaeni hapo ukingoni na darubini. Mtafuteni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, aitwaye kwa Kiingereza crab plover. Huyo huzaliana kaskazini, Oman na Ghuba ya Uajemi zikiwa miongoni mwa sehemu hizo, akitaga ndani ya shimo alilochimba mchangani, jambo adimu sana kwa ndege wa pwani. Msimfukuze ili mpate picha: Machi na Aprili anajaza mafuta ya safari, na kila kuruka kunayala.

Siku za maji mafu nendeni magofu ya Gede. Anzeni na kaburi lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Kisha pitieni vijia vya msituni polepole, mkisikiliza majani makavu: sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, hula mchana.