Joto la Breki na Uchaguzi wa Pedi kwa Siku za Kuendesha Uwanjani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya pedi za breki zinazomfaa mtu anayepeleka gari lake la kawaida kwenye uwanja wa mbio, si kushindana bali kuendesha kwa kasi mahali palipo salama. Pedi nitazizungumzia, ila nitachelewa kidogo kuzifikia, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu pedi haipunguzi joto hata kidogo. Pedi hulizalisha joto na kulistahimili, basi. Mtu anayenunua pedi kali bila kushughulika na joto lenyewe amelihamisha tatizo kutoka kwenye pedi kulipeleka kwenye mafuta ya breki, au kwenye diski inayozunguka na gurudumu, au kwenye mipira ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, na huko litamfika akiwa na mwendo mkubwa zaidi kuliko mwanzo.

Tuanze na hesabu. Gari lenye kilogramu 1,500 likiwa katika kilomita 200 kwa saa lina nishati mwendo ya takriban megajuli 2.3. Likipunguza hadi kilomita 80 kwa saa ili lichukue kona, limebakiwa na chini ya megajuli 0.4. Tofauti yake, yaani karibu megajuli 1.9, imegeuka joto, na tukiacha kando ile sehemu ndogo inayomezwa na upinzani wa hewa na injini, yote imeingia kwenye breki. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya kawaida, nalo limetolewa kwa muda wa sekunde 4 hivi. Linganisha na barabarani: kusimama kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa chini ya theluthi moja ya nishati hiyo, na dereva wa barabarani hufanya hivyo mara chache sana kwa siku. Uwanjani utafanya mara tatu, nne au zaidi katika mzunguko mmoja, kisha utaanza mzunguko mwingine kabla diski hazijapoa.

Breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kuwa uzito wa gari huegemea mbele linapopunguza mwendo. Tukichukua kwamba asilimia 70 inakwenda mbele, na kwamba kila diski ya mbele ina kilogramu 10 za chuma cha kusubu, kona moja ya namna niliyoieleza huongeza joto la diski kwa nyuzi 140 za Selsiasi hivi. Kisha kwenye sehemu iliyonyooka diski hupoa kiasi, na kwenye kona inayofuata hupanda tena. Kwa hiyo joto hupanda ngazi kwa ngazi katika mizunguko ya mwanzo hadi kufikia kiwango ambacho linaloingia na linalotoka vinakaribiana. Kiwango hicho kiko wapi kwa gari lako, kwenye uwanja wako, kwa mguu wako? Hilo ndilo swali la msingi, na jibu lake haliandikwi kwenye boksi la pedi.

Kwa bahati njema kulipima si kazi ngumu. Kuna rangi maalumu za joto ambazo hupakwa kwenye ukingo wa nje wa diski, mistari midogo mitatu kando kwa kando, kila mmoja ukibadilika rangi kwa joto lake. Seti inayotumika sana ina kijani kinachobadilika kwenye nyuzi 430, rangi ya chungwa inayobadilika kwenye nyuzi 560, na nyekundu kwenye nyuzi 610. Ukitoka uwanjani ukakuta kijani kimekuwa cheupe huku rangi ya chungwa ikiwa haijaguswa, umejua kwamba diski zako zilivuka 430 lakini hazikufika 560. Kwenye kalipa hubandikwa vibandiko vidogo ambavyo vijisanduku vyake hugeuka vyeusi kimoja baada ya kingine kadiri joto linavyopanda, na hivyo hukuambia mafuta ya breki yaliyomo ndani yameishi katika mazingira gani. Kipimajoto cha mkononi cha miale kina manufaa ya kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia, lakini mpaka gari liingie na kusimama diski imekwisha kupoa sana, na uso wake unaong'aa hukidanganya kifaa hicho. Mimi huamini rangi.

Sasa tutazame breki zinapofeli. Dereva akirudi na kuniambia breki zimekufa, swali langu la kwanza ni hili: pedali ilikuwa ngumu au ilizama? Ikiwa ilikuwa ngumu kama kawaida, tena akaikanyaga kwa nguvu zote na gari halikupunguza mwendo, pedi ndizo zilizozidiwa. Resini inayoshikilia viungo vya pedi imeanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano umeshuka. Ikiwa pedali ilizama, ikawa laini na ndefu, au ikafika chini kabisa, mafuta ya breki yamechemka. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Kwa hiyo mguu unafanya kazi ya kubana mapovu badala ya kusukuma pistoni za kalipa zinazobana pedi. Hitilafu ya kwanza humpa dereva dalili mapema kwa kuwa nguvu hupungua taratibu. Ya pili mara nyingi hujitokeza ghafla, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, baada ya joto la pedi kupata muda wa kupenya hadi kwenye pistoni. Ninaiogopa ya pili kuliko ya kwanza, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba senti ya kwanza iende kwenye mafuta ya breki kabla ya pedi.

Viwango vinavyojulikana ni hivi; DOT na namba yake ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa. DOT 4 inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 ikiwa mpya, na isichemke chini ya 155 ikishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7. DOT 5.1 inatakiwa ifike 260 ikiwa mpya na 180 ikiwa na maji. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio huvuka 300 yakiwa mapya, ingawa mengi hudai kubadilishwa mara kwa mara zaidi. Angalieni ukubwa wa anguko hilo: kiasi kidogo cha maji yaliyofyonzwa kutoka kwenye hewa huondoa nyuzi 75 au 80. Mafuta ya kawaida yaliyobadilishwa wiki iliyopita ni salama kuliko mafuta ghali yaliyokaa miaka miwili. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, msiichanganye na hizi nyingine wala msiitie kwenye gari la uwanjani lenye mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Kufanana kwa namba kumewapotosha wengi.

Baada ya mafuta ya breki inafuata hewa. Diski za mbele za magari mengi zina nyuso mbili zilizounganishwa kwa mbavu, na zinapozunguka huvuta hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Hewa inayoletwa kwa mrija kutoka kwenye bampa ielekezwe pale katikati, kwenye mdomo wa zile mbavu. Ikipulizwa kwenye uso mmoja tu, uso huo utapoa na mwenzake utabaki na moto, na diski itapinda au itapasuka. Bati la kukinga vumbi lililo nyuma ya diski linaweza kuondolewa kwa gari linalokwenda uwanjani mara kwa mara, ilimradi mwenye gari ahakikishe kwamba mpira wa mhimili na viungo vya usukani vilivyo karibu havipigwi na joto moja kwa moja. Kuhusu diski zilizotobolewa matundu, msimamo wangu ni kwamba hazifai kwa kazi hii; nyufa huanzia kwenye kingo za matundu. Zenye mifereji ya juu juu zinatosha kutoa gesi na vumbi.

Kuna na chanzo kimoja cha joto ambacho dereva hakioni. Magari mengi ya sasa hutumia breki za nyuma, bila dereva kugusa pedali, ili kuzuia gari lisiyumbe au kulisaidia kugeuka kwenye kona. Dereva anayeendesha kwa fujo huku mifumo hiyo ikiwa imewashwa anaweza kushangaa kukuta pedi za nyuma zimeisha kabla ya zile za mbele. Sisemi mzime mifumo hiyo, hasa kwa anayeanza. Nasema mkiona nyuma kuna moto usio wa kawaida, mjue mahali pa kuanza kutazama.

Hapo ndipo tunafika kwenye pedi. Pedi nyingi za barabarani hufanya kazi vizuri tangu zikiwa baridi, na huanza kuchoka zikivuka nyuzi 350 au 400 hivi. Pedi za uwanjani hustahimili 600 na kuendelea, lakini nyingi huhitaji kupashwa moto kwanza ndipo zishike ipasavyo. Katikati yake zipo zile zinazouzwa kwa matumizi yote mawili, na kwa mtu anayeanza, mwenye gari jepesi na tairi za barabarani, mara nyingi hizo zinamtosha. Rangi za joto zitakujibu. Kama kilele chako ni 450, pedi iliyotengenezwa kwa ajili ya 700 haikuzidishii usalama. Itakuwa baridi kwenye kona ya kwanza, italia, itakula diski, na vumbi lake litaharibu rangi ya rimu.

Herufi mbili zinazochapwa kwenye pedi nyingi, mfano FF au GG, hueleza kiwango cha msuguano: ya kwanza pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa na moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Kipimo hicho hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi kwenye mashine, wala hakifiki kwenye joto la uwanjani, kwa hiyo kisikuamulie. Kilicho muhimu zaidi ni umbo la mchoro wa msuguano dhidi ya joto, ambao watengenezaji makini huutoa. Tafuta pedi ambayo mstari wake umetulia katika eneo la joto ulilopima. Pedi inayopanda sana kadiri inavyopata moto humlazimu dereva kubadilisha nguvu ya mguu kila mzunguko, na pedi inayouma kwa ukali mno mwanzoni huamsha ABS mapema ikiwa tairi hazina mshiko wa kuitosheleza.

Usibadilishe za mbele peke yake bila kufikiri juu ya za nyuma. Uwiano wa mbele na nyuma ulipangwa na mtengenezaji wa gari kwa pedi za aina fulani. Ukiongeza msuguano mbele tu, nyuma haitafanya kazi yake na mbele itazidi kupata moto. Ukiongeza nyuma kupita kiasi, gari litageuka mkia likiwa linaingia kona, na hilo ni baya zaidi.

Pedi zilizotumika zina mengi ya kueleza zikitolewa na kuwekwa mezani. Tazama kingo zake: zikiwa za kijivu hafifu, zinamomonyoka ukizikwaruza kwa ukucha, resini imeungua. Tazama bati la nyuma: rangi yake ikiwa imebabuka yote na kubaki chuma chenye rangi ya majivu, joto limepita hadi kwenye pistoni, na mpira wa kuzuia vumbi huenda umekauka na kupasuka. Pima unene kwenye pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, ama kalipa inatanuka ama pini zake zimekwama. Tena pedi ndiyo kinga kati ya diski na mafuta ya breki, na kinga hiyo hupungua kadiri pedi inavyolika. Pedi iliyofika nusu ya unene wake bado ni pedi ya barabarani. Kwa uwanjani mimi huiondoa.

Juu ya uendeshaji nina neno moja lenye hesabu. Ukianza kukanyaga breki ukiwa kwenye 190 badala ya 200, kwa kuachia pedali ya kuongeza mwendo mapema kidogo, utapunguza zaidi ya asilimia 10 ya joto la kona ile niliyoitaja. Hakuna kifaa cha bei ndogo kinachokupa faida hiyo. Kanyaga kwa uthabiti, kisha achia. Mguu unaoning'inia juu ya pedali hauinyimi diski joto, bali huinyima muda wa kupoa. Mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, bila breki kwa kadiri inavyowezekana. Ukishaegesha usivute hendibreki na usiendelee kukanyaga pedali, kwa sababu pedi yenye moto iliyobanwa kwenye diski huacha alama ya nyenzo yake mahali pamoja, na mtikisiko mnaouita diski kupinda mara nyingi ni alama hizo.

Pedi mpya zizoeshwe kabla ya kazi: breki za wastani mara kadhaa, kisha kali zaidi bila kusimama kabisa, kisha mwendo wa kupoza. Utaratibu huo hutoa gesi za mwanzo na kupaka diski utando sawasawa wa nyenzo ya pedi, na utando huo ndio pedi nyingi zinaotegemea ili zishike. Kwa hiyo anayebadilisha pedi kwa ajili ya siku ya uwanjani na kurudishia za barabarani jioni ajue kwamba diski zake zimebeba utando wa nyenzo nyingine, na kwamba breki zake hazitashika kama zilivyozoea katika kilomita za mwanzo. Aliye na uwezo awe na diski za pembeni kwa kila aina ya pedi. Asiye nazo asafishe uso wa diski kwa msasa, azizoeshe pedi upya mahali pasipo na magari, na kabla ya hayo yote atoe hewa kwenye mfumo wa breki, kuanzia kalipa zilizopata moto zaidi isipokuwa kama kitabu cha gari kinaelekeza mpangilio mwingine, mpaka mafuta yanayotoka yawe safi na pedali iwe imesimama juu.