Unda Boti ya Kusindikiza Mashindano ya Mashua

Hamjambo watazamaji. Tuko Shela, Lamu, na leo tunaunda boti ya mita 4 ya kusindikiza mashua zinaposhindana siku za Maulidi. Haijengwi kwa mbio. Inajengwa kuokota watu majini na kuvuta chombo kilichopinduka.

Chukua plaiwudi ya majini ya milimita 6. Moja ina urefu wa mita 2.44, kwa hiyo unganisha mbili: chonga ncha kwa mshazari wa milimita 48, yaani unene mara 8, zilaze moja juu ya mwenzake kwa gundi ya epoksi, ukandamize kwa mawe hadi kesho.

Kata vipande, toboa vitundu kila sentimita 15, ushone kwa waya wa shaba. Naam, kushona! Mitepe, vyombo vya kale vya wazee wetu wa Lamu, ilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi. Sisi kushona kwetu ni kwa muda tu, mpaka gundi ishike. Ndani ya viungo jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, ilainishe kwa mgongo wa kijiko, ulaze utepe wa faiba. Ikikauka toa waya, geuza boti, funika viungo na kwa nje. Changanya kidogo kidogo, kivulini. Kwa joto letu hili mkebe uliojaa huchemka na kuganda mkononi.

Kwenye tezi, yaani ubao wa nyuma panapofungwa mashine, msiharakishe. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 18. Mashine ya mguu mfupi inataka tezi yenye kimo cha sentimita 38, ya mguu mrefu 51. Lile bamba la mashine lililo juu ya pangaboi likae sawa na chini ya boti. Likipanda, pangaboi huvuta hewa. Nguvu za farasi 15 zinatosha. Mashine kubwa huinua mawimbi yanayowaharibia mwendo wanaoshindana, na hilo si haki kwao.

Omoni, yaani mbele, na ubavuni ziba vyumba vya hewa. Kisha, penye maji ya magoti, ijaze boti maji makusudi uone kama inaelea.

Tia pete mbili kwenye pembe za tezi, funga kamba kati yake, na kamba ya kuvutia iteleze juu ya hiyo. Ukifunga pembe moja tu, boti itavutwa upande. Tumia kamba inayoelea.

Ukienda kuokota mtu, elekeza omo kwenye upepo, usogee polepole. Waya wa kuzimia mashine uwe umefungwa kwako muda wote. Ukimfikia, zima mashine kabisa ndipo umshike.