Gari la spoti la zamani kwa matumizi ya kila siku: kagua maji na mpira

Habari za huko nyumbani, karibuni tena. Leo tuko na Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza, iliyotoka 1989. Anayetaka kuiendesha kila siku huuliza kwanza imetembea kilomita ngapi. Ulizeni maji ya mvua yanapita wapi, na mipira yake ina umri gani.

Sogeeni hapa nyuma ya viti. Huku kwenye kona, chini ya turubai la paa linalokunjwa, kuna kitundu, na upande wa pili kipo kingine. Maji yakitiririka kutoka kwenye turubai yanaingia humu, yanashuka kwa paipu nyembamba na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani makavu yakikiziba, maji yanaingia kwenye boksi la bati lililo chini ya mlango na kutuama humo. Bati linaoza kuanzia ndani. Mkiona rangi imefura kwa nje, ndani kumeshaliwa zamani.

Mwageni kikombe cha maji taratibu, mwingine achungulie chini. Yakitoka kwa kusuasua, pitisheni uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, mkiuzungusha polepole. Msipulize kwa kompresa, tafadhali: paipu huchomoka mahali pake, kisha maji yanamwagika msikokuona. Gari likilala chini ya mti, fanyeni hivi kila mwezi.

Sasa boneti. Tanki la juu la rejeta ni la plastiki, na likiwa jipya ni jeusi. Hili limekuwa kahawia, yaani plastiki imechoka na inaweza kupasuka wakati wowote. Badilisheni rejeta, paipu zake za mpira na thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) kwa mkupuo mmoja, kwani zimezeeka pamoja.

Mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaofanya vali ziende sawa na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Muuzaji asipokuwa na risiti, hesabuni kwamba haujaguswa. Kwenye injini hii ya lita 1.6 ukikatika gari linazima tu, maana pistoni hazigongani na vali. Kwenye Porsche 944 zinagongana, na vali zinapinda. Mkishafungua hapo, wekeni na pampu mpya ya maji.

Hapohapo hesabuni mianya ya puli ya krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Ikiwa 4, hiyo ni krenki ya pua fupi, yaani ncha yake ya mbele ni fupi, ya matoleo ya mwanzo: bolti yake ikilegea, kipini kinachoshika puli kinalika na taimingi inayumba. Yenye mianya 8 ndiyo ningeichagua kwa safari za kila siku.

Kwenye tairi, someni tarakimu 4 za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kashata nzima, yaani meno ya tairi ambayo hayajalika, isiwadanganye, mpira mkavu huteleza kwenye mvua. Mafuta ya breki ni kila miaka 2, kwa sababu hufyonza unyevu.

Wenye safari fupifupi, oili yenu haipati moto wa kukausha maji na petroli iliyochanganyika nayo. Imwageni kila kilomita 5,000 au miezi 6, kitakachotangulia. Na mshale wa joto la maji ukifika katikati, joto la oili bado linapanda. Subirini dakika chache ndipo mkanyage.