Udi wa Kufukuza Mtu

MWANAIDI: Kessy, ile ya udi umeionaje?

KESSY: Da Mwana, niliduwaa. Kwetu udi anafukiziwa mgeni, bibi harusi. Mle kwenye tamthilia ya Dahaad, yule askari Anjali Bhaati akikatiza tu kituo cha polisi, mwenzake wa ofisini anawasha kijiti. Mwanzoni nikasema huyu jamaa mcha Mungu.

MWANAIDI: (anacheka) Kumbe anatakasa hewa aliyopita Mdalit, mtu wa tabaka la chini kabisa, wale walioitwa “wasioguswa”!

KESSY: Tena mwenye nyota begani. Na katiba yao imepiga marufuku mambo ya “wasioguswa” tangu 1950.

MWANAIDI: Kwa ambao hamjaitazama: ni tamthilia ya India ya 2023, sehemu nane, mji wa Mandawa, Rajasthan. Anjali ni Sonakshi Sinha. Wanawake wanakutwa wamekufa vyoo vya umma, mlango umefungwa kwa ndani. Polisi wanaandika kajiua, basi.

KESSY: Muuaji mimi namweka kando, tunamjua mapema. Aliyeninyima usingizi ni yule kaka, Murali. Dada yake kapotea, polisi hawana habari naye. Maskini, tabaka la chini. Wakati huohuo binti wa Kithakur, tabaka la juu, katoroka na kijana Mwislamu, mji unawaka, wanasiasa barabarani. Murali akapiga hesabu: na dada yangu kachukuliwa na Mwislamu!

MWANAIDI: Uongo mtupu.

KESSY: Na ndio uliofungua jalada. Ukweli uligonga mlango, haukufunguliwa.

MWANAIDI: Mimi simtetei Murali. Wimbo wa “jihadi ya mapenzi”, eti Waislamu wanawalaghai mabinti wa Kihindu kwa mapenzi, runinga za kule zimeupiga miaka, na watu wamekufa kwa uongo wa namna hiyo. Muzaffarnagar, kaskazini mwa India, 2013: video ya zamani ya Pakistan ikasambazwa eti ni ya palepale. Ghasia zile ziliua zaidi ya watu 60.

KESSY: Sawa, lakini angefanyaje, Da Mwana?

MWANAIDI: Sijui. Hilo ndilo linaloniudhi, waandishi wamemwacha pabaya na sisi pamoja naye.

KESSY: Halafu mahari. Msikilizaji asichanganye: kule inatoka kwa wazazi wa binti.

MWANAIDI: Imekatazwa kisheria tangu 1961, na bado. Sasa anatokea mwalimu mpole, ndiye muuaji wetu, anasema mahari sitaki, tutoroke. Binti anachukua dhahabu za nyumbani, anaondoka usiku. Wazazi wataripoti nini? Kwamba mwanao kakimbia na mwanamume? Wananyamaza. Aibu yao inamlinda yule mtu kuliko wakili.

KESSY: Mwisho je? Anjali anarudisha jina la ukoo, Meghwal, la Kidalit. Bhaati lilikuwa la kujifichia.

MWANAIDI: Sasa kila atakayesoma jina atajua ni wa wapi kabla hajafungua mdomo.

KESSY: Yule wa udi itabidi anunue katoni.