Gitaa Lisilo na Haraka: Safari ya Bendi ya Camel

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijagusa muziki, nawauliza washairi mliopo ukumbini: mnaikumbuka rajazi? Ni bahari, yaani aina ya mapigo, ya ushairi wa Kiarabu, na husimuliwa kwamba mapigo yake yalitokana na hatua za ngamia jangwani. Basi mwaka 1999 bendi moja ya Kiingereza ilitoa albamu ikaiita Rajaz. Bendi yenyewe inaitwa Camel, yaani ngamia. Nilipoisikia albamu ile, mwendo wake wa taratibu usiochoka, niliona jina wamelistahili.

Walianza mwaka 1971 huko Guildford, kusini mwa Uingereza. Andrew Latimer alishika gitaa na filimbi, Peter Bardens kinanda, Doug Ferguson besi, Andy Ward ngoma. Enzi hizo roki ya progresivu ilikuwa imepamba moto: wimbo mmoja ukimaliza upande mzima wa santuri, mapigo yakigeuka kila mara, wapigaji wakishindana kwa wepesi wa vidole. Camel nao waliyaweza hayo. Isikilizeni albamu yao ya Mirage, ya 1974. Lakini Latimer akiipata noti tamu haiachii upesi. Huivuta, huiacha ipumue, ndipo aiendee nyingine. Mimi namhesabu kuwa mwimbaji, na sauti yake ni gitaa.

Hilo lilidhihirika mwaka 1975. Walikusudia kutunga albamu nzima kutokana na hadithi ya Paul Gallico, The Snow Goose. Mchoraji mpweke, Rhayader, anaishi kwenye mnara wa taa uliohamwa, kandokando ya vinamasi vya Essex. Binti mdogo anamletea bata bukini aliyejeruhiwa, wanamuuguza pamoja, na urafiki unaanzia hapo. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vinakuja, Rhayader anatweka tanga la mashua yake kwenda kuwaokoa askari Dunkirk, Ufaransa, na harudi. Camel walitaka kuimba hadithi hiyo kwa maneno, ila mwandishi hakuridhia. Ikabidi ala ziseme zenyewe.

Kwa maoni yangu, katazo lile liliwafaa kuliko ruhusa. Filimbi inapoingia kumtambulisha Rhayader inarukaruka kidogo, nyepesi, kama mtu aliyezoea kuzungumza peke yake nyumbani. Upweke wake unausikia bila kuambiwa. Oktoba mwaka huohuo waliipiga albamu yote katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, wakisindikizwa na London Symphony Orchestra.

Kundi lile la kwanza halikudumu. Ferguson aliondoka 1977, Bardens 1978, na baadaye Ward naye, hata Latimer akabaki peke yake kati ya waasisi. Alihamia California, akaanzisha lebo yake mwenyewe ya kutoa muziki, na 1991 akatoa albamu ya Dust and Dreams. Baada ya kufiwa na baba yake alitunga Harbour of Tears, ya 1996, kuhusu bandari ya Cobh, Ireland, ambako wahamiaji waliokuwa wakielekea Marekani waliwaaga jamaa zao. Albamu hii haitajwi sana na mashabiki. Nawasihi mwitafute.

Bardens alifariki 2002. Latimer mwenyewe alipatwa na maradhi ya uboho, na mwaka 2007 akapandikizwa uboho mwingine. Kwa miaka kadhaa hakuonekana jukwaani. Aliporudi, 2013, alirudi na The Snow Goose, akaipiga yote tangu mwanzo hadi mwisho. Na mwaka 2018 alisimama tena Royal Albert Hall, miaka 43 baada ya ule usiku wa okestra.

Sasa naomba taa zipunguzwe. Nitawapigia wimbo wao Ice, wa mwaka 1979, dakika kama 10 hivi, hauna neno hata moja. Utaanza kimyakimya. Subirini gitaa la umeme liingie, kisha sikilizeni Latimer anavyoishikilia noti ya juu.