Bustani ya ardhioevu: miche imepandwa, kazi ndiyo kwanza inaanza

REHEMA: Haya wasikilizaji, karibuni tena. Leo ni bustani ya ardhioevu, ile inayopandwa bondeni kwenye bustani ya umma ili maji ya mvua yapate pa kutulia. Miche imeshapandwa, wakubwa wameshapiga picha, wameondoka. Kaka Juma, nani anabaki na tope?

JUMA: (anacheka) Mtunza bustani, nani tena! Watu wanadhani ikishaitwa ardhioevu basi inajinywesha yenyewe. Mche uliotoka kitaluni mizizi yake bado imejikunyata ndani ya kibonge cha udongo uliokuja nacho. Jua likiwaka siku kadhaa, tope la pembeni bado bichi, lakini mche umeshanyauka.

REHEMA: Basi si unafungulia maji mengi?

JUMA: Hapo ndipo wengi wanapoua miche. Mafunjo, matete na wenzao wana matundu ya hewa ndani ya shina. Hewa inashuka kutoka kwenye majani hadi mizizini, maana tope lililotuamisha maji halina oksijeni ya kutosha. Mche mfupi ukiuzamisha wote, umeuziba pua. Mwanzoni udongo uloe chapachapa, au maji ya kina cha vidole viwili tu, na majani yawe nje. Mche ukirefuka, nawe unapandisha maji kidogo kidogo.

REHEMA: Na mvua ikimwaga usiku kucha?

JUMA: Ndiyo maana mahali pa kutolea maji pawe na ubao wa kupandisha na kushusha. Kukicha, kimbilia pale kwanza: chupa, mifuko, majani, toa vyote vilivyoziba. Kisha tazama maji yanapoingilia. Mchanga ukirundikana hapo unageuza mkondo, upande mmoja unafurika na mwingine unakauka.

REHEMA: Tuje kwenye magugu. Mimi nikiangalia bustani changa, kusema kweli, yote naona majani tu.

JUMA: Shika shina karibu na ardhi, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia pembe tatu, mara nyingi ni jamaa ya mafunjo, usiling'oe. Likiwa la mviringo lenye vifundo, hilo ni nyasi. Angalia kwanza kama ni miongoni mwa zilizopandwa, kwani hata matete ni nyasi.

REHEMA: Ngoja, ngoja. Ndago nayo si ina pembe tatu?

JUMA: Aa, dada Rehema, umenibana! Ndago ni ndugu yao kabisa, na ndiyo inayosumbua kule kingoni kusikofurika. Ukiivuta kwa pupa inakatika, vile viazi vyake vidogo vinabaki chini na kuchipua upya. Legeza udongo kwanza, ufuate mzizi hadi kiazi. Penye maji ya kudumu afadhali, maana magugu mengi ya nchi kavu hayavumilii kuzama. Kina kikikaa sawa, palizi inapungua yenyewe.

REHEMA: Kuna atakayesema piga dawa, yaishe.

JUMA: Mimi siungi mkono. Chura anapumua hata kwa ngozi, na ngozi hiyo inafyonza kilichomo majini. Mbolea nayo iache, itanenepesha mwani tu. Halafu kuna magugu maji, yale ya asili ya Amerika Kusini yenye ua zuri la zambarau. Usidanganyike na ua. Yakipata joto na rutuba yanaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ukiliona moja, litoe siku hiyohiyo.

REHEMA: Wapita njia wao wanalalamikia mbu.

JUMA: Na wana haki ya kuuliza. Ila kwenye maji yenye uhai, samaki na watoto wa kereng'ende wanakula viluwiluwi vya mbu. Hatari iko kwenye unyayo.

REHEMA: Unyayo?

JUMA: Mtu akikanyaga tope, kile kishimo cha kiatu kinajaa maji, samaki hafiki. Kwenye joto, siku saba hadi kumi zinamtosha mbu kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo wageni wapite kwenye njia ya mbao, na anayepalilia atandike ubao wa kusimamia, kisha akitoka asawazishe alipokanyaga.