Wauaji Asilia na Seli za T: Anayesaidia na Anayezuia

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika jioni hii hapa Mwanza. Nianze na kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao watu wa mwambao wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa. Mnyoo wake huishi katika mishipa ya damu kwa miaka mingi bila kelele. Kinachoumiza ini zaidi ni mayai yanayokwama humo, kwa sababu seli za T, yaani seli nyeupe za damu za kinga, huongoza kuyazingira kwa ukali unaoacha makovu. Kinga nayo hujeruhi, kwa hiyo mwili hauna budi kuwa na namna ya kuizuia.

Mojawapo ya namna hizo ni seli ziitwazo wauaji asilia, ambazo zilielezwa mwaka 1975 na kupewa jina hilo kwa kuwa huua seli za saratani bila kufunzwa kwanza. Sisi walimu tulizoea kuwaeleza kama askari wa doria tu, au kutaja kwamba interferoni gama wanayoitoa, ambayo ni protini ya kupeleka ishara, huzichochea seli za T. Hiyo ni nusu ya habari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia panya walioambukizwa virusi vya panya viitwavyo LCMV. Virusi vilipokuwa vingi kiasi, wauaji asilia waliziua seli za CD4, yaani seli za T wasaidizi, zile zile ambazo wengi wenu mmezisikia zikihesabiwa kliniki, na kwa kukosa msaada wake seli za CD8, yaani seli za T zinazoua seli zilizoambukizwa, zikabaki nusunusu: hazikuvimaliza virusi, wala hazikuchoka kupigana, na vita hivyo visivyokwisha vikawaua panya. Wauaji walipoondolewa, virusi vilikwisha. Lakini virusi vilipokuwa vingi kupita kiasi, matokeo yaligeuka kabisa (na hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye utamu wa jambo lenyewe): panya wasio na wauaji walikufa kwa ukali wa seli zao za T, na waliobaki nao wakaishi, ingawa virusi havikuwatoka.

Mtauliza kwa nini basi wauaji hawazimalizi seli za T zote. Ngao mojawapo ni interferoni ya aina ya kwanza, ambayo mwili huitoa mapema virusi vinapoingia. Katika panya, seli za T zisizo na kipokezi chake, yaani sehemu inayopokea ishara hiyo, huuawa na wauaji hao pale tu zinapoamka na kuanza kuongezeka.